Atarudia kosa, au huenda akarudia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkalimani hapa Malindi. Mafunzoni tulielezwa habari za COMPAS, programu ya Marekani inayompa mshtakiwa alama, kuanzia 1 hadi 10. Niliandika: "Programu hutabiri kama mhalifu atarudia kosa." Mwenzangu ashikilia "hukadiria". Nani amepatia?

Jibu: Marahaba. Mwenzako amepatia, lakini kuna kosa zito kuliko hilo, nalo limo ndani ya kile kiambishi -ta-.

Kutabiri ni kutoa habari ya jambo lisilotokea bado. Kwetu Lamu neno hilo hukaa jirani na kuagua na kupiga ramli. Programu haijaiona kesho ya mtu. Hutazama umri wake, makosa yake ya nyuma na majibu ya maswali aliyoulizwa, ikamlinganisha na watu waliofanana naye. Hayo ni makadirio, tena ya kundi. Mwaka 2016, katika kesi ya Eric Loomis, mshtakiwa aliyepewa alama za COMPAS, Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliruhusu alama hizo zitazamwe, ila ikataka majaji waonywe kwamba zinatokana na takwimu za makundi.

Sasa hiyo -ta-. Nikiwa mdogo nilimwuliza nahodha mmoja gatini kama mvua itanyesha kabla ya mashua kufika Faza. Akayatazama mawingu kwa muda, akasema, "Huenda ikanyesha." Miaka yote ile baharini, na bado hakusema "itanyesha". Ukimwambia hakimu "atarudia kosa", umempa habari iliyokwisha kukatwa. "Huenda akarudia" humwachia nafasi ya kuuliza: kwa kiasi gani, na mmejuaje? Maswali hayo yana uzito. Mwaka huohuo wa 2016 waandishi wa ProPublica, shirika la habari la Marekani, walichunguza alama za washtakiwa wa kaunti ya Broward, jimbo la Florida, wakaeleza kuwa Weusi ambao hawakurudia kosa walikuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari kubwa karibu mara mbili ya Weupe ambao nao hawakurudia. Kampuni yenye programu ilipinga hesabu hiyo.

Na "mhalifu" liondoe kabisa, ndugu yangu. Ambaye kesi yake haijaamuliwa ni mshtakiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya Kenya chamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Neno moja la mkalimani laweza kumhukumu kabla ya hakimu kufungua kinywa.

Mimi ningeandika: "Programu hukadiria uwezekano wa mshtakiwa kushtakiwa tena, kwa kumlinganisha na wengine." Ni ndefu, najua. Iache hivyo hivyo.