Kusoma ukutubi kwa kulinganisha nchi: anza na majirani

Ndugu mleta mada, umeuliza kama somo la kulinganisha maktaba za nchi mbalimbali lina faida yoyote kwa mtu atakayekwenda kufanya kazi mkoani, na kama ni lazima uende Ulaya kulisoma. Mimi ni mkutubi, yaani mtaalamu wa maktaba. Nilianzia Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka pale Bagamoyo, nikaendelea Makerere. Faida ipo, tena kubwa, ila ukianza na Ulaya utatoka na picha nzuri za majengo na usiwe umejifunza kitu cha kukusaidia kazini. Anza na Kenya na Uganda.

Nchi zetu tatu zilianza na ramani moja. East African Literature Bureau, idara ya vitabu ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, iliyoundwa 1948 na kuwa na makao Nairobi, ndiyo iliyokuwa ikipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Mwingereza S. W. Hockey akaziandikia serikali za Afrika Mashariki ripoti, akapendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba za umma. Tanganyika ikatunga sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Hata shule ilikuwa moja: ile ya ukutubi Makerere ilianzishwa 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Mbegu moja, mashamba matatu. Mtu anayetaka kujua kwa nini maktaba hustawi au hufifia hapati mfano mzuri zaidi ya huu.

Tanzania tumebaki na bodi moja ya taifa. Sheria ya 1963 ilikuja kubadilishwa na ile ya 1975, lakini mkutubi wa Mtwara na wa Bukoba bado mwajiri wao ni mmoja. Uzuri wake ni kwamba mkoa maskini hauachwi bila mkutubi aliyesomea. Ubaya niliuonja mwenyewe katika maktaba moja ya mkoa: paa lilivuja msimu mzima wa masika, tukienda halmashauri tunaambiwa ninyi ni watu wa bodi, tukiandika makao makuu tunaambiwa tusubiri bajeti. Vitabu vya watoto ndivyo vilivyoloa.

Uganda walikwenda njia nyingine. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ilizipeleka maktaba za umma kwenye wilaya na miji, kisha 2003 ikaundwa Maktaba ya Taifa kwa sheria yake, kazi yake ikiwa ni kusimamia viwango na kuhifadhi machapisho ya nchi. Nilipokuwa Makerere nilitembelea baadhi ya maktaba za wilayani. Palipokuwa na viongozi wanaothamini kusoma, nilikuta magazeti ya siku hiyo mezani na viti vimejaa. Kwingine mkutubi alikuwa peke yake na rafu za vitabu vya msaada ambavyo hakuna aliyeviomba.

Kenya nayo, Katiba ya 2010 imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kukabidhi watumishi, majengo na fedha kutoka shirika la taifa kumekuwa na mvutano mrefu, na hapo ndipo pa kusomea kwa makini. Watu hukimbilia maktaba ya ngamia, ile iliyoanza Garissa 1996, ngamia mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema. Ni kazi ya heshima na naipenda. Lakini ukienda, uliza pia nani anamlipa mchunga ngamia na vitabu vipya vinatoka fungu gani.

Na ukiwa Nairobi ingia maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle. Jengo ni la fahari mno, na kila ninapolitazama najiuliza swali hilohilo: nani anaruhusiwa kuingia?

Ukishayaelewa haya, Ulaya utaisoma vizuri. Mfano Finland. Kila mtu anaisifu Oodi, maktaba kuu ya jiji la Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 5, 2018, mkesha wa siku yao ya uhuru, yenye hadi cherehani za watu kushonea. (Maktaba Kuu ya Taifa yetu pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere siku ya uhuru, Desemba 9, 1967. Tusijidharau.) Kinachoibeba Oodi ni sheria inayozitaka manispaa zote zitoe huduma ya maktaba, na kuazima kuwe bure. Ukileta wazo la cherehani bila sheria na fungu, utabaki na cherehani mbovu.

Kuhusu masomo yenyewe: kwa cheti na diploma nenda Bagamoyo. Kwa shahada kuna Makerere, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Ukiifikiria Marekani, jua kwamba kule ukutubi husomwa ngazi ya uzamili, juu ya shahada yoyote ya kwanza, na waajiri wengi hudai kozi iliyoidhinishwa na chama chao cha maktaba, ALA. Usitoe hela kabla hujahakikisha hilo.

Jambo la mwisho, kwa ajili ya utafiti wako. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inakusanya machapisho ya nchi nyingi za Afrika, na katalogi yake iko wazi mtandaoni. Chukua mchapishaji mmoja wa Tanzania, orodhesha vitabu vyake vinavyoonekana kwenye katalogi hiyo ya Washington, halafu nenda Maktaba Kuu uangalie ni vipi kati ya hivyo ambavyo mchapishaji amewasilisha nakala pale, kama sheria yetu inavyomtaka. Hiyo peke yake ni tasnifu nzima, na nauli yake ni ya daladala.