Mdogo wako anamaliza udaktari China na hataki kurudi? Hotuba ya uzalendo wekeni pembeni

Mkuu, umeuliza familia imshawishi vipi mdogo wenu wa kike anayemaliza udaktari China mwakani, ambaye ameshaanza kusoma Kijerumani na amewaambia wazazi hapo Kimara wasimsubiri. Mimi nami nilisomea China, nikarudi, sasa nafanya kazi hospitali moja upande wa Temeke. Nina wenzangu waliorudi wakatulia, wapo waliorudi wakaondoka tena, na wapo ambao siku hizi naonana nao kwenye status tu. Naandika kwa niliyoyaona.

Kwanza, hayo maneno ya "taifa linakuhitaji" acheni kabisa. Huyo amesomeshwa na mzee wenu aliyeuza kiwanja, si na taifa, na anajua hivyo kuliko mnavyojua nyinyi. Ukimtajia deni la taifa atakuitikia "sawa kaka" na usiku anaendelea na Kijerumani chake.

Anachoogopa ni benchi, yaani kukaa bila kazi. Yumo kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomtangulia, anasoma kila siku nani yuko mtaani na cheti chake. Na hofu hiyo haijazuka hewani. Mnakumbuka 2017 Kenya walipoomba madaktari 500 kwetu, mahakama ya kule ikaweka zuio, na Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapa hapa? Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi nilijiuliza jambo moja tu: hao 258 walikuwa wapi siku zote, na wodi zetu tunazijua zilivyo?

Kwa hiyo msimwambie "njoo, mambo yatajipa". Mwambieni foleni ilivyo, hatua kwa hatua, maana mtu akiijua foleni anaweza kuipanga. Vyeti vya nje vinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Halafu kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo siku hizi linafanya kazi chini ya sheria ya 2017. Hapo kuna usajili wa muda na mtihani kwa waliosoma nje. Ukipita, unapangiwa hospitali ya utarajali (internship), mwaka mmoja, unazunguka idara kubwa zote. Baada ya hapo ndiyo leseni kamili, na baada ya leseni ndiyo unaanza kuomba kazi, serikalini au kwenye hospitali binafsi. Posho ya utarajali ipo. Miezi ya kusubiri kabla yake hailipwi na mtu yeyote, na watu wengi niliowaona wakipotea walipotea humo. Wenyewe walikuwa tayari wamerudi, wamelala kwa shangazi Mbagala, wanaombwa vocha na wadogo zao, na jirani anauliza kila asubuhi, "Dokta, hujaanza tu?"

Makaratasi ayakusanye akiwa bado kule. Namaanisha matokeo ya kila muhula kwa Kiingereza, yenye muhuri, barua ya chuo inayoeleza lugha aliyosomea, na kumbukumbu za mazoezi ya wodini zilizosainiwa na daktari mwenyewe. Ukishapanda ndege, kumpata karani wa chuo kwa barua pepe ni kazi. Waliokuwa na watoto Ukraine Februari 2022 wanaelewa ninachosema, vijana walitoka na begi la mgongoni, karatasi zikabaki. Na wale walionaswa nyumbani China ilipofunga mipaka 2020, wakasoma zaidi ya miaka miwili kwenye simu, huwa wanaulizwa wodi waliishika lini. Kama mdogo wako ni wa kundi hilo, ajiandae kujibu.

Sasa jambo lenyewe, ambalo ningelifanya kabla ya mengine yote. Likizo ijayo mleteni, apeleke barua kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, aombe kukaa wodini wiki kadhaa kama mwanafunzi. Mimi hicho ndicho kilichonirudisha.

China wodini sisi wageni tulikuwa tunasimama nyuma kwenye raundi. Mandarin ya darasani unayo, ila mgonjwa mzee anaongea lahaja ya kwao, profesa anacheka naye, anakugeukia na kukupa sentensi mbili za Kiingereza, mnahamia kitanda kingine. Malaria niliisoma kwenye slaidi. Nchi yenyewe WHO iliitangaza haina malaria mwaka 2021, ungeiona wapi? Nikaja likizo hapa Dar, siku ya kwanza mama mmoja ananiambia, "Dokta, tumbo linakata, linatulia, halafu linapanda hadi kifuani nakosa pumzi." Nilimuuliza maswali kumi bila mkalimani, na majibu yote yaliniingia. Sikuwahi kuhisi hivyo kwa miaka yote ya chuo.

Wodi ya wazazi ndiyo ilinimaliza. Mkunga mmoja wa makamo aliniona natafuta mashine ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akatoa mfukoni kile kidude cha mbao kama tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo la mzazi, akanisukuma kichwa kwa kiganja. "Sikio hapa. Mkono usishike." Nilisikia kelele tu. Akanisogeza upande wa pili wa tumbo, akaniambia nifumbe macho na nihesabu. Nikayapata. Akanipokonya kidude chake, akaendelea na kazi. Usiku ule walijifungua wanawake wengi kuliko niliowaona wakijifungua muda wote niliokuwa China, na sikuwa nyuma ya mtu.

Hilo huwezi kumsimulia mtu kwenye simu. Likimpata, limempata. Lisipompata, basi mtakuwa mmejua mapema, na hamtamlaumu.

Ujerumani msimsimangie. Mshahara wa kule ni mkubwa kuliko wetu, msibishane naye hapo, mtaumbuka. Muulizeni tu kama amepiga hesabu ya njia nzima: Kijerumani cha kawaida, kisha mtihani wa Kijerumani cha kitabibu, kisha ulinganisho wa shahada yake au mtihani wa maarifa, ndipo leseni. Nako kuna benchi, tena la baridi. Na kubaki China kwenyewe kugumu, mtihani wao wa leseni ni wa Kichina. Kama ndoto yake ni ubingwa, aangalie pia tulipofika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili tangu 2015, na upandikizaji wa figo wa kwanza Muhimbili ulifanyika 2017. Wakati naanza chuo, vitu hivyo tulikuwa tunavisikia kwenye habari za wagonjwa waliopelekwa India.

Halafu kuna hili ambalo hujaligusa, nalisema kwa heshima. Wazazi wanataka arudi, lakini nani anasubiri amalizie nyumba? Nimeona familia zinazomlilia mtoto arudi, na simu inayofuata ni ya ada ya binamu. Binti anasikia ujumbe wa aina mbili kwa sauti moja, na wa pili unalipika kirahisi zaidi kwa euro. Kaeni na mzee na mama mkubaliane kwamba mpaka amalize utarajali hadaiwi na mtu hata mia, kisha mwambieni waziwazi mbele ya wote.

Na ile sherehe ya ukumbi msiifanye. Hela ya ukumbi, MC na chakula muwekeeni kwenye akaunti yake, ndiyo nauli na chakula cha ile miezi ya kusubiri. Keki ikatieni sebuleni.

Akipanga kuja likizo, nitumie PM nikueleze barua ipelekwe ofisi gani na iandikweje, maana ikienda kwa mtu asiyehusika hukaa mezani mpaka likizo inaisha.