Sifa za Kupaka

Ijumaa iliyopita, kabla ya sala, nilipita karakana yetu ya kuundia vyombo hapa Nungwi nikamkuta kijana wetu mmoja (simtaji, anajijua) yumo juu ya mashua ya watalii, anapaka vanishi mkono wa tatu. Mwenzake anamrikodi kwa simu. Nikainama nikatazama chini. Ubao wa kwanza kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, haujaonja kalafati, pamba ya kuziba nyufa. Nikamwuliza, akanijibu kwa adabu zote: "Ami, mgeni anakuja kupiga picha kesho. Kalafati tutatia baadaye."

Nilikwenda kukaa chini ya mkungu nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakasirika. Kisha nikaona bora niwaandikieni, nyinyi mlioingia kazini mwaka huu na uliopita, maana makosa mnayoyafanya si mapya hata moja. Tumeyafanya sisi, na waliotufundisha waliyafanya. Fanyeni basi yenu mapya.

1. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kusimama Kendwa saa kumi na mbili jioni, wakati wa safari za machweo, wakawaona mapapasi, vijana wanaowauzia wageni safari, kazini. Pale kibaya hujitembeza na kikauzika vizuri sana, na chema kimetia nanga kando kinasubiri. Kwa hiyo msidhani kazi nzuri itajisemea. Lazima awepo mtu anayejua kuitambua, na mtu huyo ni wewe fundi. Mgeni si kazi yake, wala wa hoteli.

2. Shuka ngama, kule tumboni mwa chombo chini ya sakafu. Hapa nina la kuungama, na naomba mnivumilie maana bado linanichoma.

Zamani kidogo, wenye hoteli na wenye boti wa ufukwe mmoja walikubaliana kila mwisho wa msimu watoe zawadi kwa chombo bora cha kitalii. Cheti ndani ya fremu, na mashine ya farasi 15. Waamuzi tulikuwa watatu: meneja mmoja, nahodha mmoja, na mimi kwa upande wa mafundi. Nilipewa kofia na fulana nyeupe yenye maandishi kifuani. Yakhe, nilivyovimba! Nililala nayo ile fulana usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Vikabaki vyombo viwili. Cha kwanza ni mashua iliyong'aa hata ukiitazama unajiona ndevu, mito ya kukalia ya rangi, taa ndogondogo mpaka juu kwenye foromali ya tanga. Cha pili alikiunda mwalimu wangu, mzee aliyenifunza kushika tezo ya kuchongea mbao. Kimepakwa sifa, yale mafuta ya papa, cheusi, kinanuka papa kutoka hatua ishirini. Meneja akaziba pua, akaninong'oneza kwamba wageni hawawezi kupanda harufu.

Nilijua la kufanya. Mtoto wa miezi mitatu karakana analijua. Unainua ubao wa sakafu, unashuka ngama, unapitisha kidole kwenye viungo, unagonga mataruma, zile mbavu za chombo, moja moja na kusikiliza, unaonja maji uliyoyakuta: ya chumvi yameingia kwa chini, yasiyo na chumvi ni mvua tu. Dakika kumi. Sikushuka. Na sababu sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka mingi: fulana ilikuwa nyeupe.

Nikaipa ile ya vanishi tisa juu ya kumi. Cha mwalimu wangu nikakipa nne. Nne! Alikuwa amesimama pale pale, tezo begani. Akasema "Mashaallah", akampa mkono aliyeshinda, akaondoka kabla ya pilau.

Haikufika wiki ya tatu. Kusi limeanza kukaza, mashua ya cheti imebeba wageni kwenda kisiwa cha Mnemba, na njiani maji yakaanza kuvuka mbao za sakafu. Wakayafua kwa ndoo ya barafu, soda zikielea. Alhamdulillahi walirudi wote salama, ila viatu na kamera ziliharibika, na kelele zilisikika mpaka sokoni. Maji yalipokupwa tukaenda kuitazama. Mbao za mwembe zilizopigiliwa zikiwa mbichi, zimekauka na kuachana. Kwenye nyufa hakuna pamba, kuna unga wa msumeno uliokandwa na gundi, juu yake rangi. Misumari isiyo na zinki imeshaanza kutoa machozi mekundu. Yote hayo ningeyaona siku ile kwa kuinua ubao mmoja tu.

Aliyeitwa kuitengeneza mnamjua. Alifanya kazi siku tisa, akang'oa mbao tano. Siku ya kwanza nilijipeleka mwenyewe, nikambebea keekee ya kutobolea na nyundo ya kalafati, nikingoja anitukane ili tuyamalize. Hakunitukana. Adhuhuri ndipo akaniuliza, bila kuinua uso:

"Siku ile ulishuka ngama?"

"Fulana ilikuwa nyeupe, Ami."

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha akanisukumia kopo la sifa, akaniambia nianze kupaka. "Na hiyo fulana ukaivae," akasema. Nilikwenda nyumbani nikaivaa. Bado ninayo, ni tambara la mikono sasa, na haijaacha kunuka.

Lugha yetu imetuwekea mtego hapo. Sifa unayopewa na sifa unayopaka ni neno moja. Ya kupewa inanukia, ya kupaka inanuka, na mbao zinaijua hiyo moja tu.

3. Msumari usio na zinki usiutie hata ukipewa bure, na zungushia pamba yenye mafuta shingoni kabla hujaupigilia.

4. Mbao mbichi ni mbichi hata mteja akiwa na haraka. Mwambie asubiri, au aende kwa mwingine.

5. Acheni kusema "hiki cha watalii tu". Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na waliookolewa waliletwa pwani yetu hii ya Nungwi. Waliokuwepo hawajasahau, na mimi tangu asubuhi ile siwezi kumsifia mtu chombo kabla sijauliza kinabeba wangapi na majaketi ya kujiokolea yako wapi. Yakiwa yamefungiwa stoo yasichafuke, kwangu chombo hicho ni sifuri, vanishi au bila vanishi.

6. Jifunzeni kutazama. Mwanzoni mwa 2019 Flipflopi ilishuka kutoka Lamu mpaka hapa Unguja, dau la plastiki iliyookotwa, limevishwa vipande vya kandambili kama 30,000. Watu walipiga picha kandambili. Mafundi wa kwetu walioiona walikuwa na maswali mengine: plastiki haifuri majini kama mbao, sasa viungo vinafunga vipi? Msumari umeshikaje? Ndiyo maana mimi nikiizungumza ile kazi namtaja Ali Skanda na mafundi wenzake wa Lamu kwanza, kandambili baadaye. Ni kama mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, uliokuwa umewekwa Beit el Ajaib, jumba la makumbusho la mjini: wengi walikuwa wakistaajabia ukubwa wake. Uliza ni nani aliyetoboa matundu yale yote yakalingana, zikapita kamba za usumba, chombo kizima kisiwe na msumari hata mmoja.

7. Ukimsifu mwenzako, taja kiungo. "Kazi nzuri" haina maana, hata muuza urojo anaambiwa. Mwambie: pale ulipounga fashini na mkuku, wembe haupiti. Atakumbuka mpaka anaingia kaburini. Na hapa nina uchungu wangu. Nendeni ufukweni mkatazame vyombo vyote. Jina la hoteli lipo, nambari ya simu ipo, "Hakuna Matata" ipo, mara tatu. Jina la fundi halipo popote. Nimeanza kuchonga la kwangu upande wa ndani wa taruma la tatu. Anayetaka kulisoma itabidi ashuke ngama.

8. Noeni tezo zenu nyumbani, msije kuninolea karakana saa mbili nzima huku mnapiga soga.

Nilikuwa na la tisa na la kumi, kuhusu mnaokula advansi ya mteja kabla mti haujakatwa, lakini naona mwadhini anakohoa.

Jumamosi hii ni bamvua, maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa nne asubuhi. Yule wa vanishi aje na pamba, mafuta ya nazi na patasi ya kalafati. Mwenye simu aje pia, atashika taa. Na mtu asije na nguo nyeupe.