Kublafu kwenye meza za dau dogo, mgeni wa poka soma hii kwanza

Nyie mnaoanza kucheza Texas Hold'em kwenye meza za dau dogo, hili la kublafu, yaani kuweka dau kama una karata kali wakati huna kitu ili mwenzako atupe zake, naomba tuliongee taratibu maana nimeona wageni wengi sana wanaishia hapo. Mtu ameangalia mashindano kwenye video, kaona jamaa hana kitu kasukuma vyote alivyonavyo na mwenzake katupa karata, basi anakuja na moto uleule mezani, anasukuma, na mtu wa mbele yake anafuata, yaani analipa dau hilohilo, akiwa na pea ya 7 (7 mbili), kwisha habari. Halafu analalamika eti watu hawajui kucheza. Ndugu yangu huwezi kumtishia nyau mtu ambaye haangalii unachofanya, yeye anaangalia karata zake mbili tu, akiona ana pea basi anataka kuona mwisho wake.

Kwa hiyo kabla hata hujafikiria una nini mkononi jiulize kwanza, huyu nimeshawahi kumuona akitupa karata baada ya flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani kwa ajili ya wote kabla ya ya nne na ya tano? Kama umekaa naye saa nzima na kila dau anafuata, huyo usimblafu hata siku moja, subiri upate kitu cha maana uweke dau kubwa atakulipa mwenyewe. Hivyohivyo kwa mtu aliyetoka kupoteza mkono mkubwa sasa hivi na bado ana hasira, na yule aliyebakiwa na kidogo ilhali zaidi ya nusu ya alizokuwa nazo ziko tayari kwenye poti, lile fungu la madau yote katikati ya meza. Hao hawatupi.

Cha pili idadi ya watu, na hapa wageni wengi hawapigi hesabu. Tuseme watatu wameingia na kila mmoja wao anatupa mara moja katika kila mbili, unaweza kuona si mbaya, lakini ili ushinde inabidi watupe wote watatu kwa pamoja, na hiyo ni nusu ya nusu ya nusu, yaani mara moja katika 8. Mimi nikiwa na watu watatu mbele na sina kitu napita tu, yaani siweki dau, bila kujiuliza. Blafu ya dau dogo ni ya mtu mmoja, mara chache sana wawili.

Sasa bei yake. Poti ina 100, ukiweka 50 unahatarisha 50 ili upate 100, kwa hiyo ikifanikiwa mara moja katika 3 hujapata wala hujapoteza, ikizidi hapo unaingiza. Ukiweka 100 kamili inabidi ifanikiwe mara moja katika 2. Ndo maana blafu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo na ya mapema: umepandisha dau kabla ya flopu, mtu mmoja kafuata, flopu inakuja K, 7, 2, kila moja aina yake, wewe una Q na J. Akipita, poti ikiwa 90 weka 30. Hapo unahitaji atupe mara moja katika 4 tu, na mtu mwenye karata mbili zisizo pea anaikosa flopu kabisa karibu mara 2 katika kila 3. Tena wewe ndo uliyepandisha mwanzo, kwa hiyo ukijifanya una K hadithi yako ina kichwa na miguu. Flopu ingekuwa 8, 9, 10 na mbili ni za kopa ningekuwa mwangalifu zaidi, kila mtu anakuwa na kitu cha kusubiria pale na wa dau dogo wakiwa na cha kusubiria hawatoki.

Akifuata je? Hapa ndo pa kujizuia, wengi wanaona aibu kuacha walichoanza wanaweka tena na tena mpaka karata ya tano. Mtu aliyefuata mara mbili kwenye meza hizi ana pea na ameshaamua, hata uweke nini atataka kuona. Na mtu mpole asiyepandishaga dau akipandisha kwenye karata ya nne, tupa, anacho kweli.

Kinachonifanya niendelee ni kama nina pa kuangukia. Una kopa mbili, mezani kuna kopa mbili, zimebaki 9 kwenye pakiti, kwa karata mbili zijazo una kama asilimia 35 ya kuipata kopa ya tano (karata tano za aina moja ni mkono mkubwa unaoipiga pea), ikibaki karata moja ni kama 20. Ukiweka dau hapo akitupa umeshinda, akifuata bado una nafasi ya kumpiga kwelikweli, tofauti kabisa na kusukuma huku unamwomba Mungu tu. Mgeni kwa miezi ya mwanzo ningekwambia kabla ya karata ya tano blafu zako karibu zote ziwe za namna hii na ile ndogo ya flopu.

Kuna nafasi nyingine mbili naziamini. Mkiwa wawili na mwenzako kapita kwenye flopu, kapita tena kwenye karata ya nne, mara nyingi hana kitu, watu wa dau dogo wakiwa na karata nzuri wanaweka dau hawana subira ya kutega, nusu ya poti inatosha kumtoa. Na karata ya tano ikileta kopa ya nne mezani, hata mbishi mwenye pea anaanza kusita, hata kama wewe huna kopa, ilimradi ulikuwa unaweka dau tangu flopu yenye kopa mbili, hapo anaamini.

Ukikamatwa onyesha karata bila kununa, uendelee. Kwa nusu saa inayofuata kila mtu atakuona muongo na atakufuata kwa pea ndogo, kwa hiyo muda huo acha blafu kabisa, na ukipata pea mbili au tatu za namba moja weka karibu poti nzima.