Vitabu vya kielektroniki kwenye vifaa vinne: duka lipi, faili lipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisumu. Nyumbani tuna simu yangu ya Tecno, iPhone ya mume wangu, tableti ya Android ya watoto na laptopu ya Windows. Nataka tukinunua kitabu mara moja, kila mtu aweze kukisoma kwenye kifaa chake. Juzi nilinunua riwaya kwenye duka moja la mtandaoni, lakini faili lililoshuka ni la KB 2 tu na halifunguki popote. Je, nimepunjwa? Na nitulie na duka gani? Sina kadi ya benki, hulipa kwa M-Pesa.

JIBU: Hujapunjwa, Mwalimu. Tazama herufi za mwisho za jina la faili hilo. Bila shaka utaona .acsm. Hilo si kitabu, ni hati ya ruhusa inayoiambia programu mahali pa kukichukua kitabu chenyewe, ndiyo maana ni dogo hivyo.

Weka programu ya kusomea iitwayo Adobe Digital Editions kwenye laptopu. Ni ya bure. Kabla ya kufungua chochote, jisajili upate kitambulisho cha Adobe, kisha ingia kwenye menyu ya Help na uidhinishe kompyuta kwa kitambulisho hicho. Programu itakupa nafasi ya kuidhinisha bila kitambulisho. Usiikubali, kwa sababu kitabu kitabanwa kwenye laptopu hiyo moja na hakitahamia simu. Sasa fungua faili la .acsm. Kitabu kitashuka kikiwa EPUB (aina ya faili la vitabu inayofunguka kwenye programu nyingi) au PDF, na utakikuta kwenye folda ya My Digital Editions ndani ya Documents. Kwenye simu, tableti na iPhone weka programu ya PocketBook Reader, uingie kwa kitambulisho kilekile, kisha unakili humo faili la kitabu. Ukiona ujumbe wenye maneno E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER, jua kwamba faili lilikwisha kufunguliwa kwa kitambulisho kingine, pengine cha mume wako. Tumia hicho cha kwanza. Kikiwa kimesahaulika, ni duka pekee linaloweza kukufungulia upya.

Tukija kwenye duka, Apple Books iondoe mapema. Inafanya kazi kwenye vifaa vya Apple tu, hivyo vifaa vyenu vitatu kati ya vinne vitabaki nje. Zinabaki Kindle ya Amazon na Kobo, ambazo zote zina programu za Android, iPhone na Windows, na zote hukumbuka ukurasa ulioishia.

Tofauti kubwa iko kwenye faili. Vitabu vingi vya Kindle vina kufuli la kidijitali la Amazon na husomwa kwenye programu na vifaa vya Amazon pekee. Tangu Februari 26, 2025, Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu chenye kufuli kwenye kompyuta ili kukihamisha kwa kebo. Kobo hutumia EPUB, na vitabu vyake vingi vyenye kufuli unaweza kuvishusha kama .acsm kutoka ukurasa wa vitabu vyako, ukavisoma kwa njia niliyoeleza hapo juu. Kufuli lipo, ila hulazimiki kusoma kwa programu ya muuzaji. Jambo hili lina uzito. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa pesa, lakini vitabu vilitoweka kwenye vifaa vyao. Kwa hiyo, kitabu kikiwa kwenye maduka yote mawili kwa bei zinazokaribiana, ningekishika cha Kobo. Na mchapishaji akikuuzia EPUB isiyo na kufuli kabisa, nunua hiyo kabla ya zote.

Hata hivyo, duka zuri lisilo na vitabu unavyovitaka halikufai. Andika vitabu 10 ambavyo kweli unakusudia kuvinunua mwaka huu, kisha vitafute kwenye kila duka ukiwa umeingia kwa akaunti yenye anwani ya Kenya. Usitafute kabla ya kuingia, maana unaweza kuonyeshwa vitabu na bei za nchi nyingine. Kitabu kikisema hakipatikani nchini mwako, kasoro si ya simu wala ya malipo: haki za kuuza vitabu hutolewa nchi kwa nchi, na huenda mchapishaji huyo hana haki za kukiuza Kenya. Usidanganye anwani. Duka likigundua linaweza kukufungia akaunti, na vitabu vyote vimo humo.

Vitabu vya shule na vya Kiswahili vya wachapishaji wa humu nchini vitafute kwenye eKitabu. Ni kampuni ya Kenya, na inapokea M-Pesa moja kwa moja. Usijisumbue kuvikusanya hivyo na riwaya za ng'ambo kwenye programu moja. Rafu mbili zinatosha.

Kwa maduka ya nje, M-Pesa yako ina njia. M-Pesa GlobalPay, iliyoletwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, hukupa namba ya kadi ya Visa inayovuta pesa kwenye salio lako la M-Pesa. Iwashe kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Malipo hukwama hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni msimbo wa usalama wa tarakimu tatu, ambao hudumu muda mfupi. Uombe ukiwa tayari umefika kwenye ukurasa wa kulipia. Ya pili ni salio. Bei ya dola hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, na kodi ya VAT ya asilimia 16 inaweza kuongezwa mwishoni, kwa hiyo acha ziada kwenye simu.

Nunua kwa brauza, yaani Chrome au Safari. Programu ya Kindle kwenye Android haiuzi vitabu tangu 2022, kwa sababu ya masharti ya Google kuhusu malipo, hivyo usihangaike kutafuta kitufe cha kununua. Ukishalipa, fungua programu, uvute rafu kwenda chini, na kitabu kitaingia.

Akaunti moja inaweza kutumika nyumba nzima. Kwa kawaida Kindle huruhusu kitabu kimoja kwenye vifaa 6 kwa wakati mmoja. Shida huja mnaposoma kitabu kimoja watu wawili. Wewe uko sura ya 3, mume wako yuko ya 12, na programu inakurusha kwake. Ikikuuliza kama ungependa kwenda kwenye ukurasa wa mbele zaidi, kataa. Ikiendelea, zima usawazishaji wa kurasa kwenye mipangilio ya akaunti. Kwenye tableti ya watoto usihifadhi kabisa namba ya kadi.

Simu nyingi za Tecno na Infinix huua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Ukurasa wako usipofika kwenye laptopu, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza. Iondoe programu ya kusomea kwenye orodha ya kuokoa betri, na kabla ya kuifunga iache wazi kidogo data ikiwa imewashwa.

Bando lisikutishe. Riwaya ya maandishi matupu kwa kawaida haizidi MB 2 au 3. Kitabu cha kusikiliza ndicho mlaji: kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ni karibu MB 29, na cha saa 10 hukaribia MB 290. Hicho kishushe kwa Wi-Fi. Na mkienda nyumbani Siaya ambako mtandao ni wa kubahatisha, kuona jalada kwenye rafu hakumaanishi kitabu kimeshuka. Zima data, ufungue kila kimoja kabla ya kuondoka.

Hukuuliza kuhusu kifaa maalumu cha kusomea, lakini swali hilo halikwepeki kwa anayependa riwaya ndefu. Skrini ya wino wa kielektroniki husomeka vizuri juani, hata pale ufukweni Dunga saa saba mchana ambapo kioo cha simu hugeuka kioo cha kujitazamia, na chaji hudumu wiki kadhaa. Ukinunua Kindle ya mtumba, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake mbele yako. Usiposhuhudia hilo, usitoe pesa. Tena, Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa kebo. Itume kwa huduma ya Send to Kindle: mwisho ni MB 50 kwa barua pepe na MB 200 kwa tovuti, na ukituma kwa barua pepe, anwani unayotumia iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa katika akaunti yako ya Amazon, la sivyo faili litakataliwa. Kobo huipokea EPUB kwa kebo bila masharti hayo.

Kabla ya kununua vitabu vingi, chukua sampuli ya bure kwenye kila duka na uifungue kwenye vifaa vyote vinne. Kisha nunua kitabu kimoja cha bei nafuu, ufanye hivyohivyo siku hiyohiyo. Amazon hupokea maombi ya kurudishiwa pesa za kitabu ndani ya siku 7 tangu kununua.