Ukiamsha mashine pepe, itazame saa kwanza

Ofisi ndogo zinazojiendeshea seva hapa Nairobi mara nyingi huwa na mpango wa siku ya kupotea stima. UPS inashika, na betri ikikaribia kuisha, seva mwenyeji inalaza mashine pepe zote (kompyuta za programu zinazoishi ndani yake), inahifadhi hali yao kwenye diski, kisha inajizima. Mpango mzuri, nami huwawekea wateja. Ila saa ya mashine huamka pale pale ilipolala. Imelazwa saa sita mchana, umeiamsha saa nane, yenyewe bado iko saa sita.

Utaambiwa, "Si kuna chrony?", programu inayosahihisha saa kwa kuuliza mtandaoni. Ipo, lakini ina mwendo wake. Mifumo mingi huja na mpangilio wa `makestep 1.0 3`, yaani saa inaruhusiwa kuruka katika masahihisho matatu ya mwanzo tu tangu chrony iwashwe. Baada ya hapo huvutwa polepole, na hata ikivutwa kwa kasi ya juu kabisa ya kawaida hufidia sekunde moja katika kila sekunde kumi na mbili. Piga hesabu: pengo la saa mbili litaziba baada ya siku nzima. ntpd, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ndiyo basi kabisa. Pengo likizidi sekunde 1000 inasusa na kujizima, isipokuwa uwe umeandika `tinker panic 0`.

Katika siku hiyo utaona vituko. Namba za kuingilia zinazobadilika kila sekunde 30 zinakataliwa. Cheti cha TLS (cha kuthibitisha tovuti) kilichotolewa mchana huo huo kinaambiwa hakijaanza kutumika. Kilichonitoa jasho zaidi ni mfumo wa duka moja uliokuwa ukihifadhi tokeni ya malipo, yaani kibali cha kuingia kwenye mfumo wa malipo, ya muda wa saa moja. Mashine iliamka ikiamini tokeni bado ina uhai, kumbe upande wa pili ilishakufa kitambo. Kila malipo yakarudi yamekataliwa, mwenye duka akaapa kwamba intaneti ndiyo mbovu. Logi (kumbukumbu za matukio) hazikunifaa kitu, maana nazo zilikuwa zinaandikwa kwa saa ile ile ya uongo. Nilipoziweka kando ya SMS za malipo kwenye simu yake ndipo pengo likajitokeza.

Kwenye KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe), ninachofanya siku hizi ni kuipa kila mashine pepe bwana mmoja wa saa: mwenyeji wake. Ndani ya mgeni, yaani hiyo mashine pepe, pakia kiendeshi cha `ptp_kvm` kinachosoma saa ya mwenyeji, hakikisha `/dev/ptp0` imetokea, kisha kwenye chrony andika `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2` na `makestep 1 -1`. Hiyo `-1` inairuhusu saa kuruka wakati wowote. Halafu futa mistari ya seva za NTP (seva za saa za mtandaoni) humo ndani. Najua mafundi watakaonibishia hapa, lakini chrony ikishatulia huweza kukaa hadi sekunde 1024, kama dakika 17, kabla ya kuuliza mtandao tena, ilhali mwenyeji anaulizwa kila sekunde nne. Mashine ikiamka, vipimo vya zamani vya mtandao na vipya vya mwenyeji vitapishana kwa saa mbili, na vitabishana tu. Mwenyeji ndiye aulize `ke.pool.ntp.org`.

Ukitumia libvirt-guests (huduma inayolaza na kuamsha mashine pepe mwenyeji akizimwa na kuwashwa), weka pia `SYNC_TIME=1`; inahitaji programu ya qemu-guest-agent ndani ya mgeni. Kwa VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, usiache Guest Additions (zana zake za ndani ya mgeni) na chrony zote zikishika saa. Chagua moja.

Usingoje stima ipotee ndipo ujue kama inafanya kazi. Ilaze mashine kwa `virsh managedsave`, kanywe chai, iamshe kwa `virsh start`, kisha tazama `date` na `chronyc tracking`.

Na wewe unayeandika programu: hata saa ikirekebishwa, kihesabio cha `CLOCK_MONOTONIC`, kinachopima muda uliopita, hakihesabu muda wa usingizi. Usikitumie kuamua kama tokeni ingali hai. Ukijibiwa 401 (seva imekataa kibali chako), omba tokeni mpya mara moja na ujaribu tena.