Kwa nini siachi vidonge: barua kwa mwanangu aliye Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu za hapa Dodoma. Baba yako mzima, bibi yako naye anaendelea vizuri, upepo wa Juni umeanza na vumbi lake. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Uliandika hivi: "Mama, saratani ya titi ilishatolewa na vipimo vyako ni safi. Kwa nini bado unameza vidonge vinavyokunyima usingizi na kukukakamaza mikono? Si uviache tu?" Ukaongeza kwamba kuna unga wa majani ambao mwenzako wa kazini anausifia sana. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikishasema "niko salama" tunahamia habari za wajukuu na swali lako linabaki pale pale.

Siviachi, mwanangu. Wala sivimezi kwa kumwogopa daktari. Navimeza kwa akili yangu timamu, nikijua vinanipa nini na vinaninyang'anya nini, na ninataka wewe pia ujue.

Upasuaji uliondoa uvimbe, zikafuata dripu za dawa ya saratani, halafu ile mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road uliyonisindikiza Dar es Salaam. Lakini kipimo cha ile nyama iliyotolewa kilionyesha kwamba saratani yangu ilikuwa na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe ambazo homoni hujishikiza. Maana yake ilikuwa inakua kwa kutumia estrojeni, homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe. Saratani ya aina hii ina subira ya kutisha. Chembe chache zinaweza kubaki mahali ambapo hakuna mashine inayoziona, na ugonjwa ukarudi baada ya miaka 10, hata 15. Unakumbuka mbegu za mlenda wa porini zinavyolala kwenye ardhi yetu tangu Mei, mpita njia akadhani hakuna kitu pale, na mvua za Desemba zikinyesha mara mbili tu kila mahali ni kijani? Vidonge vyangu kazi yake ni kuzinyima mvua mbegu hizo.

Nilianza na tamoksifeni kwa kuwa nilikuwa bado napata hedhi. Yenyewe hukaa kwenye vipokezi, estrojeni ikija inakuta nafasi imeshachukuliwa. Hedhi ilipokoma kabisa nikahamishiwa anastrozoli. Katika umri huu ovari zimeshapumzika, lakini mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza estrojeni kidogo kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, na hicho ndicho anastrozoli inachokizuia. Watafiti waliofuatilia maelfu ya wanawake wenye saratani kama yangu waliona kwamba waliomeza tamoksifeni kwa miaka 5 walipunguziwa hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15, na kinga hiyo iliendelea hata baada ya kuacha kumeza. Theluthi moja ni wanawake wengi. Wanarudi nyumbani kwao, wanalea, wanazeeka. Ninataka niwe mmoja wao.

Sasa mateso yenyewe, maana sitaki udhani nayafanya madogo. Lile joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi usoni, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka hata usiku wa Julai ambapo kila mtu hapa Dodoma kajifunika gubigubi. Baada ya dakika chache linapita, nguo zimelowa, na baridi inaniingia mifupani. Nimeelezwa kwamba kuna sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, na ikikosa estrojeni hushtuka kwa badiliko dogo tu. Kwa hiyo ulivyonikuta nimelala sakafuni juu ya mkeka, sikuwa nimegombana na baba yako. Siku hizi kila mmoja ana blanketi lake, mimi natandika khanga ya pamba juu ya shuka ili ikilowa niibadilishe haraka, na jioni pilipili na chai ya moto nimeziweka kando. Joto halijaisha, lakini nalala.

Ziko pia dawa zisizo za homoni za kulipunguza. Mojawapo ni venlafaksini, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya sonona. Ila kuna dawa nyingine za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, ambazo humzuilia mtu anayetumia tamoksifeni asipate nguvu yake yote, kwa sababu zinalizuia ini kuigeuza dawa hiyo iwe katika hali inayofanya kazi. Umeona hapo? Kama dawa inayojulikana, iliyopimwa, yenye jina na kipimo, inaweza kuharibu kazi ya nyingine, mimi niingize mwilini unga ambao hakuna anayeweza kuniambia una nini ndani? Majani mengine yana vitu vinavyofanya kazi kama estrojeni yenyewe. Mwambie mwenzako ahsante, najua anatutakia mema. Uji wa lishe wenye soya naendelea kunywa. Soya ya chakula cha kawaida haina shida, vidonge vya soya iliyokolezwa ndivyo tunavyoambiwa tusitumie.

Mikono ilianza kukaza baada ya kuhamia anastrozoli. Asubuhi vidole havikunjiki, vifungo vya blauzi navifunga polepole, magoti yanauma nikiinuka. Karibu nusu ya wanawake wanaotumia dawa za kundi hili hupata maumivu ya viungo, kwa hiyo usifikiri saratani imeingia kwenye mifupa. Nilifikiri hivyo hivyo, nikakaa na hofu hiyo hadi siku ya kliniki. Kinachonisaidia kuliko kitu kingine ni kutembea. Asubuhi kabla jua halijawa kali natembea na jirani yetu hadi nihisi jasho, na jioni nafanya mazoezi ya kunyanyua uzito mdogo, nikitumia chupa za maji. Siku ya kwanza unaona kama unajiongezea maumivu. Baada ya wiki kadhaa viungo vinalainika, na hata uchovu unapungua. Nashangaa kwamba watu wengi bado wanamwambia mgonjwa "pumzika, usijichoshe", kwa mapenzi kabisa, na wanamzidishia tatizo.

Dawa hii pia hupunguza uimara wa mifupa, ndiyo sababu nimepimwa mifupa na nitapimwa tena. Maziwa nakunywa, dagaa nala mzima na mifupa yake, na mlenda upo mezani kama kawaida.

Kuna jambo ambalo kwa desturi ungelisikia kwa shangazi yako, lakini wewe ni mke wa mtu na utanielewa. Dawa huleta ukavu, na tendo la ndoa likawa maumivu. Baba yako alidhani nimemchoka. Tulipozungumza mambo yakawa mepesi, na muuguzi akanielekeza vilainishi vya maji visivyo na homoni. Wanawake wengi huacha vidonge kwa sababu hii na hawaisemi popote, na mimi inaniuma, kwa sababu msaada upo na hauna gharama kubwa.

Unaniuliza, je, hali ikizidi? Ikizidi nitasema. Daktari anaweza kunibadilishia dawa nyingine ya kundi hilo hilo, kwa mfano letrozoli, kwa sababu mwili unaoikataa moja wakati mwingine huvumilia nyingine. Anaweza kunipumzisha kwa wiki chache huku akinifuatilia, au kunirudisha kwenye tamoksifeni. Yote hayo ni tofauti na kuacha kimya kimya, daktari akaendelea kuandika kwenye faili kwamba natumia. Nikirudishwa kwenye tamoksifeni, yako mambo ambayo wewe na mdogo wako mnapaswa kuyajua: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au nikishikwa na maumivu ya kifua na pumzi kukata ghafla, msinipe panado, nipelekeni hospitali saa hiyo hiyo, huenda damu imeganda. Na nikitokwa damu ukeni wakati hedhi ilishakoma, lazima nipimwe mfuko wa uzazi, hata kama ni matone.

Ukitaka kunisaidia, yapo ya kufanya. Hapa kuna wakati naambiwa dawa imeisha na huzunguka maduka mjini. Niulizie bei huko Mwanza na uwe unaninunulia pakiti za akiba zenye tarehe ndefu. Nikiwa mkali kwenye simu, niulize nimelala vipi kabla hujanuna. Na wewe mwenyewe, ukienda kliniki yako, mweleze daktari kwamba mama yako alipata saratani ya titi akiwa na miaka 47, umuulize uanze lini kupimwa. Hilo usilichelewishe hadi likizo.

Desemba ukija niletee dagaa wakavu wa ziwani, wale wadogo. Kliniki yangu itakuwa wiki hiyo hiyo, twende wote, maswali yaliyobaki umuulize daktari mwenyewe.

Mama yako